Makumbusho ya Reli Nairobi: ukiyajenga uliyoyaona humo, utaambiwa umetia chumvi

Wanaojenga reli za mezani, yaani treni za mfano, wana ugonjwa mmoja: wanaogopa kuonekana waongo. Simba dirishani mwa behewa, hapana, hiyo ni katuni. Mabwana wakubwa wamekaa kwenye benchi mbele ya kichwa cha treni kinachotembea, hapana, nani angekubali? Boila, yaani tangi la kutengenezea mvuke, iliyo pana kuliko mara mbili ya reli inayoibeba, basi fundi amechanganya vipimo. Matokeo yake meza nyingi zina stesheni safi, mti, ng'ombe watatu na treni inayozunguka.

Dawa yake iko Nairobi. Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971 enzi za shirika la reli la Afrika Mashariki, yamejaa vitu vya kweli ambavyo ukivipunguza hadi kipimo cha 1:87, yaani mara 87, hakuna atakayekuamini. Tathmini hii inayaangalia kwa jicho hilo: mtu wa treni za mfano anapata nini pale, apime nini, na atakosea wapi akirudi kwenye meza yake. Kwa familia inayotaka watoto wapande vichwa vya treni na kupiga picha, jibu ni fupi: nendeni, watafurahi.

Kufika si kazi. Makumbusho yako jirani na Stesheni Kuu ya Nairobi, upande wa Barabara ya Haile Selassie, mwendo wa miguu wa dakika kama kumi kutoka stesheni. Anayetoka Mombasa kwa SGR asikimbilie teksi pale kituo cha mwisho Syokimau. Kuna treni ya kuunganisha inayoleta abiria mjini, na inapita kwenye reli ile ile ya zamani, yenye upana wa mita moja kati ya vyuma vyake viwili, ambayo makumbusho yanaisimulia. Kaa dirishani. Utaona mataruma, mitaro, nyasi katikati ya reli na vibanda vya mabati vilivyosogea hadi karibu na kokoto, na hayo yote ni masomo ya bure kabla hujafika mlangoni.

Kitu cha kwanza cha kutafuta ni behewa la Kima.

Habari yake inajulikana, ila huwa inasimuliwa vibaya. Wengi huichanganya na simba wawili wa Tsavo wa mwaka 1898, wale walioua wafanyakazi wa daraja na ambao leo wako kwenye makumbusho Chicago. Hili ni tukio jingine. Juni 1900, Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, alilala ndani ya behewa lililofunguliwa kutoka kwenye treni na kuwekwa kwenye reli ya pembeni pale Kima, kati ya Sultan Hamud na Konza. Alikuja kumvizia simba aliyekuwa akisumbua stesheni. Wenzake wawili walikuwamo: mmoja kitanda cha juu, mwingine sakafuni. Ryall alikaa zamu karibu na dirisha, usingizi ukamchukua. Simba akapanda, akaingia kwa mlango wa kuteleza, akamkanyaga yule wa sakafuni ili amfikie Ryall, kisha akatoka naye kwa dirisha.

Kwa fundi, kiini cha habari yote ni neno moja: mwinamo. Reli ile ya pembeni haikuwa sawa, na behewa lilikuwa limeinama upande mmoja. Simba alipoingia, uzito wake uliongeza mwinamo, mlango ukateleza wenyewe ukajifunga nyuma yake. Ndiyo maana alitokea dirishani. Behewa lingesimama wima, mlango ungebaki wazi na mnyama angerudi alikotoka. Yule wa kitanda cha juu naye alipokimbilia mlango wa upande wa wahudumu aliukuta umeshikiliwa kwa nguvu kutoka upande wa pili. Waliokuwa huko walisikia kilichomo na hawakuwa tayari kukikaribisha.

Sasa lijenge. Kwenye kipimo cha 1:87, reli ya mita moja ni njia ya milimita 12. Kata vipande viwili vya karatasi ya manila ya robo milimita, vibandike pamoja, uviingize chini ya reli moja tu kwa urefu wote wa behewa. Nusu milimita kwenye njia ya milimita 12 inakupa mwinamo wa nyuzi 2.4 hivi, na paa la behewa lenye kimo cha milimita 40 litasogea pembeni kwa karibu milimita 1.7. Inatosha jicho kuhisi kuna kasoro bila kujua ni nini. Ukiweka milimita nzima, mwinamo unakaribia nyuzi tano, na hapo behewa linaonekana limeanguka, hadithi imekufa. Mlango uufunge. Hili ndilo kosa la karibu kila mtu anayejaribu mandhari haya: anauacha mlango wazi ili watazamaji waone alikopita simba.

Simba mwenyewe naye ana mtego. Wanyama wa plastiki wanaouzwa kwa watoto ni wakubwa mno. Simba dume mkubwa ana kimo cha begani cha mita 1.2 hivi na kiwiliwili cha mita 1.8 bila mkia, yaani milimita 14 kwa 21. Simba wa boksi la maduka ya vitu vya kuchezea anaweza kuwa mkubwa kuliko behewa lenyewe. Tafuta seti za kipimo chako, au chonga kwa putty ya epoksi. Kisha simama kando ya behewa la kweli na futikamba yako upime lile dirisha, upana na kimo, na umbali wake kutoka chini. Ukishapata namba hizo ndipo utajua kwa nini wageni husimama pale kimya wakitazama uwazi ule na kujaribu kuufikiria mwili wa mtu mzima ukipita na mnyama mwenye uzito wa gunia mbili.

Ushauri wa hukumu badala ya vipimo: usimweke simba kabisa. Behewa limeinama, mlango umefungwa, dirisha moja limevunjika, taa ya karabai imewashwa stesheni, hakuna mtu nje. Anayejua atajua.

Toka nje sasa, ukutane na wakubwa.

Vichwa vya Garratt vya daraja la 59 viko viwili: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Vilitengenezwa 34 jumla na Beyer, Peacock wa Manchester mnamo 1955 na 1956, na kila kimoja kikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Milima ya hivi viwili yote iko Tanzania, Gelai kando ya Ziwa Natron na Shengena kwenye safu ya Upare, kwa hiyo Mtanzania akifika pale ana haki ya kusema amekuja kuona vya kwao.

Kila kimoja kina tani 252 na urefu wa mita 31.7. Vilikuwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vyote vya reli ya mita moja duniani, vikivuta mizigo ya tani 1,200 kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi. Lakini namba ya kusimama nayo ni ya boila: kipenyo cha mita 2.29. Reli chini yake ni mita 1. Nenda mbele kabisa, chuchumaa, angalia kwa usawa wa bafa, kile chuma cha kupokea mgongano. Tumbo linatokeza kila upande kwa zaidi ya nusu mita, kama mama mja mzito aliyekaa kwenye kigoda cha mbuzi. Ukiiweka mezani ni boila ya milimita 26 juu ya njia ya milimita 12, na yeyote asiyejua atakuambia umenunua boila ya kipimo kimoja na magurudumu ya kipimo kingine.

Kwa nini kichwa kile hakikuanguka? Chini ya boila hakuna magurudumu. Ndiyo siri yote ya Garratt. Mashine mbili kamili, moja mbele na moja nyuma, kila moja na magurudumu manane ya kusukuma, zinabeba katikati yao fremu inayoning'inia kama machela. Kwa kuwa hakuna gurudumu wala ekseli ya kuizuia, boila inaweza kushuka chini na kunenepa, na kisanduku cha moto kinapata nafasi ya kutosha. Kichwa cha kawaida kwenye reli nyembamba hiyo kingelazimika kuinua boila juu ya magurudumu, na hapo kweli kingepinduka kwenye kona.

Kuna makosa manne ambayo modeli za 59 huwa nayo.

La kwanza ni kona. Kichwa cha milimita 365 kwenye kona ya nusu kipenyo cha milimita 375 kitapita, maana kina viungo viwili, lakini boila itakatiza ndani ya kona na matangi yatatokeza nje kiasi cha kuchekesha. Usishuke chini ya milimita 600. Ukiwa na meza ndogo, chagua kichwa kingine; 3020 Nyaturu, aliyepewa jina la watu wa Singida, yuko pale pale na ana adabu zaidi kwenye kona.

La pili ni uzito. Watu hujaza madini ya risasi ndani ya boila kwa sababu ndimo mlimo na nafasi. Gawa uzito kwenye matangi, mbele na nyuma sawa, juu ya mota zenyewe, la sivyo mashine moja itakuwa inateleza huku nyingine ikivuta. Hata Garratt za kweli zilikuwa na ugonjwa wa jamaa yake: maji na mafuta yakipungua njiani, uzito juu ya magurudumu unapungua, mshiko nao unapungua.

La tatu, makaa ya mawe. Vichwa hivi vilichoma mafuta mazito. Ukiona modeli ya 59 yenye kilima cha makaa nyuma, aliyeitengeneza hakufika Nairobi.

La nne ni bomba la moshi. Ukilitazama kutoka ubavuni ni refu, ukilitazama kutoka mbele ni jembamba, kama bomba la duara lililokanyagwa. Ni mtambo wa Giesl, aina ya bomba bapa inayovuta moshi kwa ufanisi zaidi. Bomba la duara kutoka boksi la vipuri halifai.

Rangi ni damu ya mzee. Hapa kuwa mwangalifu: vichwa vimesimama nje, juani na mvuani, na vimepakwa upya baada ya kustaafu, kwa hiyo rangi unayoiona leo si ushahidi wa rangi ya mwaka 1960. Pima maumbo, usipime rangi. Kutu nayo isome kwa akili. Kutu ya kichwa kilichosimama miaka mingi huanzia chini, maji yanapotuama, na kwenye maungio ya mabati. Kichwa kinachofanya kazi kina vumbi jekundu la Tsavo magurudumuni, mafuta kwenye mikono ya kusukuma na masizi juu. Ukinakili kutu ya makumbusho ukaivisha treni inayotembea, umejenga maiti inayokimbia.

Jambo moja la ziada kuhusu 59 ambalo litakuletea maswali: behewa la kulala wafanyakazi likifuata nyuma ya kichwa kwenye treni ya mizigo. Safari ya kilomita 530 hivi kupanda hadi Nairobi ilikuwa ndefu, kwa hiyo zamu mbili za madereva zilisafiri pamoja, moja kazini, moja imelala. Mtazamaji ataona behewa lenye madirisha na pazia kati ya Garratt na mabehewa ya mafuta, atadhani umekosea kupanga treni. Mwache adhani.

Ndani ya jengo kuna vioo, picha za ujenzi, vyombo vya mezani vya mabehewa ya daraja la kwanza, ala za mawasiliano, na modeli. Wengi hupita haraka. Usipite haraka kwenye kile kiti kilichokuwa kikifungwa mbele ya kichwa cha treni. Ni benchi hasa, la kukalia watu, juu ya chuma cha kusukumia ng'ombe. Theodore Roosevelt alipofika Mombasa Aprili 1909, akiwa ametoka kwenye urais wa Marekani mwezi uliotangulia tu, alipanda bara akiwa amekaa hapo na wenyeji wake, wanyama wakikimbia huku na huku. Churchill naye alikuwa amekaa mbele ya kichwa hivyo hivyo mwaka 1907.

Inaonekana wazimu hadi ukumbuke moshi unakwenda wapi. Kichwa cha mvuke hurusha masizi, cheche na vumbi nyuma, juu ya mabehewa, na treni za wakati ule hazikuwa na mbio. Mahali safi kuliko pote kwenye treni nzima ni pua yake. Mezani, benchi la mita 2.2 ni milimita 25, na mtu aliyesimama ni kama milimita 20, aliyeketi ni milimita 15 au 16. Chukua sanamu za abiria waliokaa, zile zinazouzwa kwa ajili ya kujaza mabehewa, uzivishe kofia za jua. Vifungo vya benchi usivisahau: bila vyuma vinavyolishika kwenye boriti ya bafa, kila mtu ataona umelibandika kwa gundi, na atakuwa sahihi.

Pia kuna modeli ya MV Liemba, na hapo kuna mandhari ambayo sijawahi kuona mtu anayathubutu: meli inayosafiri kwa treni. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina Graf von Götzen, ikabomolewa, ikapakiwa kwenye masanduku karibu 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa bara kwa reli ya kati kuelekea Kigoma, ikaungwa upya kando ya Ziwa Tanganyika na kuingizwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikarudi kazini 1927. Kwa meza ni mandhari rahisi kuliko yanavyosikika: mabehewa bapa saba au manane, masanduku ya mbao yenye namba zilizopigwa kwa rangi, na behewa moja limebeba kipande cha bati kilichopinda ambacho mtu akikitazama mara ya pili anatambua ni ubavu wa meli. Usiweke meli nzima.

Kwenye picha za ujenzi, tafuta mteremko wa Kikuyu. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu Desemba 1901, lakini katikati kulikuwa na ukuta wa Bonde la Ufa, na njia ya kudumu yenye madaraja yake ilihitaji muda. Wahandisi hawakusubiri. Walishusha mabehewa kwa kamba za chuma kwenye mteremko mkali mno, behewa linaloshuka likivuta linalopanda, breki ikiwa kwenye pipa la kamba juu. Pale palipokuwa pakali zaidi, behewa halikushuka kwa magurudumu yake. Lilipandishwa juu ya kigari chenye umbo la pembetatu, upande mmoja mrefu mmoja mfupi, ili behewa libaki mlalo sawa wakati kigari kinashuka kwa mwinamo. Treni inayoshuka ukutani huku sakafu yake iko sawa kama meza ya chai. Picha ndiyo ushahidi wako pekee mezani. Ichapishe ndogo uiweke pembeni, la sivyo utabishana usiku kucha. Ukitaka itembee, mota moja yenye gia nzito juu, uzi wa kuvulia samaki wa milimita 0.3, na vigari viwili vyenye uzito sawa. Uzito ukipishana, kimoja kitagoma kupanda.

Lipo pia jambo la Mazeras, ambalo hutaliona ndani ya makumbusho bali kwenye ramani. Nyuma kidogo ya Mombasa, reli ya zamani inajizungusha na kupita juu ya yenyewe ili ipate kimo. Kwenye meza watu huita hilo ujanja wa mwenye chumba kidogo. Hesabu yake ni hii: kwa 1:87 unahitaji milimita 65 hivi kutoka reli ya chini hadi ya juu, treni na unene wa daraja vikijumlishwa. Kwa mwinamo wa asilimia 1.5, ambao vichwa vya kweli viliuzoea, hiyo ni mita 4.3 za reli, yaani duara zima la nusu kipenyo cha sentimita 69. Ukibana hadi sentimita 50, mwinamo unapita asilimia 2, na treni ndefu itaanza kuteleza kwa sababu kona nayo inaongeza ukinzani. Bora mita nzima ya ziada kuliko kuja kusukuma kwa kidole.

Kasoro za makumbusho haya kwa mtu wa vipimo? Vichwa viko nje, kwa hiyo jua la saa saba linaua picha: upande mmoja mweupe, mwingine mweusi. Fika asubuhi, au subiri mawingu. Chini ya vichwa ni giza wakati wote, beba tochi. Lebo hukupa jina na namba, hazikupi kipenyo cha gurudumu, kwa hiyo futikamba ya mita tano ni ya lazima, na mtu wa pili wa kushika upande mwingine. Omba ruhusa kwa wahudumu kabla ya kuingia chini au kupanda juu. Matangi ya Garratt ni marefu, na ngazi za zamani si za kuaminiwa na kila kilo. Vaa nguo isiyo na thamani. Viingilio hutofautiana kwa raia, mkazi na mgeni, beba kitambulisho. Tenga saa tatu. Saa moja inatosha kuona, haitoshi kupima hata kichwa kimoja.

Mpangilio wa picha unaosaidia baadaye: kwa kila kichwa piga ubavu mzima kutoka mbali kadiri nafasi inavyoruhusu, ukiwa umesimama katikati kabisa ya urefu wake, kisha mbele kwa kimo cha bafa, kisha maungio ya mabomba kati ya mashine na fremu ya boila. Maungio hayo ndiyo magumu kuliko yote, maana mvuke ulipaswa kupita kwenye kiungo kinachogeuka bila kuvuja, na bila picha utayabuni. Weka rula au noti ndani ya kila picha ya karibu.

Ukimaliza na mchana bado upo, panda treni ya abiria ya mjini inayopita Kibera. Pale biashara imesogea hadi kando ya reli, viatu, sukumawiki, chaja za simu, na treni inapokuja watu wanasogea hatua mbili na kurudi. Mandhari haya yana ndugu yake maarufu Thailand, soko la Maeklong, ambako mara nane kwa siku wachuuzi wanakunja maturubai yao ya kivuli treni ipite, na vitoroli vya bidhaa vinarudishwa nyuma kwenye vijireli vyake vidogo. Wanauza vibua wa aina fupi, wamepangwa kwenye vikapu vya mianzi vya duara, shingo zimevunjwa kuelekea chini ili watoshe. Mafungu ya mboga yanabaki sakafuni, treni inapita juu yake.

Inawezekanaje? Reli ya Maeklong nayo ni ya mita moja, sawa na yetu. Behewa lenye upana wa karibu mita 2.8 linatokeza sentimita 90 hivi nje ya kila reli, na sakafu yake iko juu. Chini ya mtokezo huo kuna nafasi ya kikapu kifupi, lakini hakuna nafasi ya goti la mtu. Mezani ni milimita 10 kila upande. Kata kipande cha kadibodi chenye upana wa behewa lako pana kuliko yote, kisukume kwa mkono katikati ya soko lako kabla ya treni, na kila kinachoguswa juu ya milimita 3 kiondolewe au kifanywe cha kukunjika. Mwendo nao ni muhimu: kilomita 5 kwa saa ni milimita 16 tu kwa sekunde, na kidhibiti cha bei nafuu hakiwezi, kitarukaruka. Nunua kidhibiti kinachopiga umeme kwa mapigo, safisha magurudumu kwa spiriti, na usimamishe treni hapo sokoni kama unaona aibu, mlango ukiwa mkabala na kikapu cha vibua.